Umeme wa Kuunga-unga: Kagua Nyumba Kabla Haijaungua

"Mbona unawaka tu, fundi?"

Nimelisikia swali hilo mara nyingi kuliko salamu. Mara ya mwisho ilikuwa Tandika, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya vyumba sita na LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Aliniita kwa sababu soketi ya chumba cha nne ilikuwa "inanuka nuka". Nikaufuata waya wa ile soketi. Umetoka kwenye holda ya taa ya ukumbini, ukapanda darini, ukaungwa na waya wa spika, ukashuka ukutani kwa misumari iliyokunjwa, ukaishia kwenye soketi inayobeba pasi, sabufa na jiko la umeme la sahani moja. Waya wa spika! Na kweli ulikuwa unawaka. Mpangaji alisema ana mwaka wa tatu anautumia.

Bomba bovu huvuja ukaliona. Paa bovu hukulowesha usiku huo huo. Umeme mbovu unakutumikia vizuri kabisa, unakuchajia simu na kukuchemshia chai, huku ndani ya dari plastiki ya waya inakauka kidogo kidogo kama ganda la muwa juani. Kwa hiyo taa kuwaka kusiwe kipimo chako. Humu sitakufundisha kufunga waya. Nataka ujue kuona, kuhesabu, kung'oa vile visivyohitaji fundi, na kumbana fundi kwa maswali.

Hatua ya 1: Jua unapozimia

Kabla ya kugusa chochote, tafuta mein swichi. Nyumba nyingi za kupanga huwa iko chumbani kwa mwenye nyumba, kafunga mlango, yeye yuko msibani Morogoro. Hiyo tayari ni hatari, na dawa yake ni mazungumzo tu: ihamishiwe ukumbini, au ufunguo wa akiba ukae kwa mpangaji anayeshinda nyumbani.

Ukishaifikia, izime mchana kweupe, kisha zunguka vyumba vyote ukijaribu taa na soketi. Kila kitu kinapaswa kufa. Kikibaki kimoja kinachowaka, basi kuna waya uliochepushwa ukaruka mein swichi. Hapo usichokonoe. Ita TANESCO, hata kama jirani aliyechepusha atakununia.

Sasa fungua mlango wa boksi uangalie breka, zile swichi zinazojishusha zenyewe mzigo ukizidi. Karibu kila mteja wangu anaamini kwamba breka itamwokoa akishika waya. Haitamwokoa. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimlindi mtu. Tufanye hesabu ndogo. Umeme wetu ni volti 230. Balbu ya LED ya wati 10 hula kama ampea 0.043. Mkondo wa ampea 0.03 tu ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo hadi kuua. Maana yake, mkondo mdogo kuliko ule unaowasha balbu ya chooni unatosha kukumaliza, na breka ya ampea 20 wala haitastuka. Itakuona wewe ni balbu nyingine imewashwa.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Kimeandikwa RCCB, pembeni kina 30mA au 0.03A, na kina kitufe chenye herufi T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, ina maana umepitia mahali pasipostahili, labda mwilini mwa mtoto, nacho kinakata chini ya nusu sekunde. Kama unacho, bonyeza T leo. Kisiposhuka, kimekufa, kibadilishwe. Kama huna, anza kukiwekea akiba kabla ya kufikiria televisheni kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Kagua kwa pua, masikio na mgongo wa mkono

Fanya ukaguzi huu usiku, saa ambazo watu wanapika na kupiga pasi, maana waya hujieleza ukiwa na mzigo.

Nusa kila soketi. Plastiki ya soketi ikipata moto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Kama hakuna aliyekaanga samaki na chumba kinanukia feri, usikae ukajiuliza. Zima mein swichi.

Sikiliza. Swichi ikilia tsss kama mafuta ya kukaangia, ndani kuna skrubu iliyolegea na umeme unaruka cheche. Gusa kwa mgongo wa mkono ganda la plagi iliyotumika nusu saa (ganda la plastiki tu, si kitu kingine). Vuguvugu sawa. Ukiurudisha mkono haraka, si sawa. Tafuta pia rangi ya kahawia kuzunguka matundu ya soketi, na taa zinazofifia kila friji inapoanza kunguruma.

Kisha kuna ile habari ya friji "linalotekenya". Ukiligusa na miguu mitupu unasikia wadudu vidoleni, na dawa ya mtaani ni kuvaa ndala ukitaka kuchukua maji. Nyumba nzima inajua: ndala za friji ziko pale mlangoni. Jamani, friji linalotekenya lina umeme kwenye bodi yake na halina athi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Leo linatekenya kwa sababu sakafu ni kavu na mkono wako ni mkavu. Siku mtoto atakapolishika akitoka kuoga, halitatekenya.

Nenda nje ukaitafute fimbo ya athi. Ni chuma kilichozikwa ardhini karibu na ukuta, na waya wa kijani, au wa kijani na njano, umebanwa juu yake. Mara nyingi utakuta fimbo ipo na waya umekatwa, kwa kuwa shaba inauzika kwa wanunua vyuma chakavu. Wakati mwingine waya upo lakini kibano kimeoza kwa kutu, hasa kwetu ufukweni. Kwa jicho tu unaweza kugundua hayo. Kama athi inafanya kazi sawasawa, hilo linahitaji mita ya fundi.

Neno moja kuhusu ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani. Ikiwaka, iamini. Isipowaka, usiiamini. Kitaa kikifa, au ukiwa umesimama juu ya stuli ya plastiki, inaweza isionyeshe kitu na waya una moto kamili.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo

Geuza kila chombo usome wati zake, zimeandikwa chini au nyuma. Gawa kwa 230 upate ampea. Jagi la umeme la wati 2,000 ni ampea 8.7. Pasi ya wati 1,200 ni 5.2. Jiko la kupikia wali la wati 700 ni 3. Viwashe vitatu kwa pamoja kwenye ekstensheni moja: karibu ampea 17. Plagi yetu ya pini tatu bapa mwisho wake ni ampea 13, yaani wati zisizofika 3,000.

Na hiyo ni plagi. Waya wa ekstensheni yenyewe unaweza kuwa dhaifu zaidi. Unene wake umechapwa ubavuni kwa maandishi madogo. Waya laini wa 0.75 (milimita za mraba) ni wa ampea 6, wa 1.0 ni 10, wa 1.25 ni 13, wa 1.5 ni 16. Ile ekstensheni nyeupe yenye matundu sita na taa nyekundu ya urembo, nyingi zina waya wa 0.75 au hata pungufu ya hapo. Matundu sita yamewekwa kwa ajili ya chaja, redio na taa ya mezani. Jagi moja la maji linatosha kuilemea.

Tena joto la waya halipandi sambamba na mzigo. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiongeza mara tatu, mara tisa. Ndiyo maana ekstensheni iliyobeba pasi peke yake miezi yote inaweza kuyeyuka siku ya sikukuu pasi na jagi vilipokutana.

Pale waya unapoungwa ndipo pabaya kuliko popote. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu nyeusi hazigusani vizuri, na pale zinapogusana kwa shida umeme unageuka joto. Chukua kiungo kibovu chenye ukinzani wa nusu omu tu. Jagi la ampea 8.7 likipitia hapo, kiungo kinazalisha joto la karibu wati 38. Ni joto la kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Hebu kiweke chuma hicho, kimewashwa, ndani ya dari yenye vumbi, utando wa buibui na makuti ya zamani. Ulalie hapo chini.

Na breka? Breka inaona ampea 8.7, mzigo wa halali. Haina habari na kinachoendelea darini.

Hatua ya 4: Ng'oa hivi leo

Hivi havihitaji fundi wala hela nyingi. Zima kwanza.

Nyaya tupu zilizochomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Hata mimi nilipokuwa mwanafunzi nimeshawahi kuwasha redio hivyo. Waya ukichomoka, ncha yenye moto inabaki inaning'inia kwa kimo cha mtoto anayetambaa. Plagi ni ya bei ya chipsi kavu, nunua.

Kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Kinatumika kufungua vizuizi ili plagi ya pini mbili iingie. Vizuizi hivyo viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto. Halafu pini za mviringo hazikai sawasawa kwenye matundu bapa, zinacheza, zinapiga cheche, soketi inaungua. Tumia adapta nzuri au badilisha plagi.

Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya, mahali pa fyuzi. Fyuzi imekatika kwa sababu. Ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3 kwa vyombo vidogo visivyozidi wati 700 hivi, na ya 13 kwa vinavyopasha moto. Ndugu yake karatasi ya sigara ni breka iliyobadilishwa: ilikuwa ya 20 inajishusha kila mara, mtu akaweka ya 40 "ili isisumbue". Waya wa ukutani ni ule ule. Sasa waya ndio umekuwa fyuzi.

Ekstensheni juu ya ekstensheni, ekstensheni chini ya zulia au godoro, na ile ya kuzungusha ambayo inatumika ikiwa bado imejikunja kwenye gurudumu lake. Ifungue yote, ikijikunja haipoi.

Hita ya kuchemshia maji iliyotengenezwa kwa nyembe mbili na vipande vya mti. Waliosoma bweni wanaijua. Maji yote ya ndoo yanakuwa na umeme, pamoja na mpini wa chuma. Hata ile koili ya dukani, kanuni ni moja: chomoa kwanza, ndipo utie kidole kuonja maji.

Chandarua kinachogusa balbu au kilichofungwa kwenye waya wa taa. Hamisha msumari.

La mwisho hapa linatoka kwenye migao ya umeme: waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake. Ukichomoa upande mmoja, pini unazoshika zina volti 230. Kibaya zaidi, kama mein swichi haikuzimwa, umeme wako unatoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa zetu hufanya kazi kinyumenyume bila kusita. Yule kijana wa TANESCO aliye juu ya nguzo, aliyeambiwa laini imekufa, anakutana na jenereta yako. Katakata waya huo kwa mkasi. Ukitaka kuwasha nyumba kwa jenereta, fundi aweke swichi ya kuhamisha, ile isiyoweza kuunganisha pande mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Mabati, mvua na kamba ya nguo

Fuata kila waya unaotoka nje: wa banda la kuku, wa genge, wa kibanda cha chipsi, wa choo cha uani. Angalia unapotobolea bati. Ukingo wa bati lililotobolewa kwa msumari ni wembe, na upepo unausugua waya juu yake kila siku. Siku plastiki ikiisha, paa lote linakuwa na umeme, na breka haishuki kwa kuwa bati limekaa juu ya mbao kavu na halifiki ardhini. Paa linasubiri tu mtu wa kulifikisha.

Mtu huyo mara nyingi ni mama anayeanika nguo. Kamba ya kuanikia ni waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye mwembe, mwingine kwenye mhimili wa bati. Nguo mbichi, mikono mibichi, ardhi imelowa. Waya wa kuanikia uondoe leo hii, funga kamba ya nailoni au ya katani, na uifunge kwenye nguzo isiyogusa bati. Kama mvua ikinyesha mtu analalamika kwamba bati, bomba au nondo za dirisha "zinapiga", zima mein swichi, usiwashe tena mpaka fundi aje. Usimtume kijana apande kukagua.

Waya wa nje upite ndani ya paipu, uwe mzima bila kiungo, na uwe na breka yake.

Hatua ya 6: Kumpata fundi na kumbana

Vishoka, mafundi wasio na leseni, wako wengi na lugha yao ni tamu. Tanzania Bara leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Mwambie akuonyeshe yake, hakuna ubaya. Mwenye leseni haudhiki.

Kisha muulize: utatumia waya gani wapi? Majibu unayotaka kusikia ni 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 4 au 6 kwa jiko kubwa au shawa ya maji moto. Kila soketi ipate waya wa tatu, wa athi. Swichi ya taa ikate laivu (waya unaoleta umeme), si nyutro (unaourudisha), vinginevyo utazima taa na holda itabaki na moto unapobadilisha balbu. Viungo vyote vikae ndani ya boksi na vibanwe kwa konekta yenye skrubu, visifichwe kwa tepu darini. Na akikwambia athi na nyutro "ni kitu kimoja tu, tutatumia waya mmoja", mlipe nauli aondoke.

Vifaa nendeni wote dukani. Kariakoo kuna nyaya nzuri na nyaya za kuibia watu, zimekaa rafu moja. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango, halafu omba kipande ukwaruze kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani. Ikitokea nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, rudisha.

Kazi ikiisha usimlipe yote kabla hajapima. Kwa megga (mita ya kupima kama umeme unavuja kwenye waya) ya volti 500, ukinzani kati ya laivu na athi usipungue megaomu 1. Apime na fimbo ya athi. Mafundi wengi humwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la athi ili mchanga mkavu upitishe umeme vizuri, na inasaidia, ila chumvi huoshwa na mvua na hula chuma, hivyo ipimwe tena baada ya mwaka. Mwisho abonyeze T mbele yako, halafu aandike kwa kalamu ya wino kwenye boksi breka ipi ni ya chumba kipi.

Mama wa Tandika aliniuliza wapangaji watachangia vipi, maana nyumba ni yake na waya waliunga wao. Tulikaa kwenye jamvi, vyumba sita, tukakubaliana yeye anunue RCCB na waya wa ukutani, kila mpangaji alipe soketi zake. Ilichukua jioni nzima na mzee wa chumba cha pili hakukubali mpaka nilipomshikisha plagi yake ya jiko.

Hatua ya 7: Mtu akinaswa, au moto ukiwaka

Usimshike. Huu ndio mtego unaoua wawili wawili. Kimbilia mein swichi. Kama huifikii, simama juu ya ubao mkavu au stuli ya plastiki, msukume mtu au waya kwa fimbo kavu ya ufagio. Waya wa nguzo ukianguka mtaani, hata fimbo isitumike: kaa mbali mita 10 au zaidi na uzuie watu.

Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kuzima. Zima, tumia mchanga au kizimamoto cha unga, toeni watoto nje, pigeni 114 kwa Zimamoto.

Aliyenaswa akiwa hapumui, mlaze chali sakafuni, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama, mkipokezana. Akiwa na jeraha la moto, limwagie maji safi ya bomba dakika 20 baada ya kumtoa kwenye umeme, usipake dawa ya meno. Na akisimama akasema "niko poa", mpeleke hospitali hivyo hivyo. Umeme huunguza ndani kuliko unavyoonekana nje, na mapigo ya moyo yanaweza kuharibika. Mweleze daktari aliushika kwa mkono gani, alikanyaga nini, na alinaswa kwa muda gani.